Sauti Itangulie, Picha Ifuate

Kijiwe chetu ni benchi la mbao lenye miguu mitatu ya kweli na wa nne wa matofali. Limekaa barazani, kati ya milango miwili. Mlango wa kulia ni wa Mkasi, jamaa anayehariri video za harusi na mahafali. Tulimpa jina hilo kwa kuwa kazi yake ni kukata, ingawa mkasi wenyewe hana. Mlango wa kushoto ni wa Bi Sindano, mshonaji, ambaye kila siku huitoa cherehani yake nje akisema ndani kuna joto. Sisi tunajua ndani hakuna habari. Kwenye benchi hukaa Spika, fundi redio, aliyelipata jina lake si bungeni bali kooni. Pembeni yake hukaa Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa baiskeli iliyoibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Mimi ni fundi viatu. Nakaa mbele yao kwenye kigoda, nawaona wote kuanzia soli kwenda juu. Kahawa huja saa kumi alasiri.

Ijumaa hiyo kahawa ilikuwa ndiyo kwanza inamiminwa pale Mkasi alipotoka ndani amekumbatia laptopu, macho mekundu, vifungo vya shati amevifunga kombo.

— Jamani, nisaidieni. Kesho saa nane ndiyo hafla, na mke wangu ameitazama video asubuhi akaniambia inaruka kama chura.

— Chura yupi? — Wakili akauliza. — Maana kuna chura wa majini na chura wa nchi kavu.

— Wakili, tafadhali.

— Nataka kumbukumbu zikae sawa tu.

Bi Sindano aliondoa mguu kwenye cherehani.

— Ni ile ya mama mkwe?

— Ndiyo hiyo hiyo, dada yangu.

Hapo hata Spika aliweka kikombe chini, maana ile haikuwa video ya hivi hivi. Mama mkwe wa Mkasi ndiye mkunga wa zahanati ya mtaani kwetu. Kwa miaka thelathini na nne amepokea watoto hapa. Wanne wa Spika wote walipitia mikononi mwake, na wote wametoka na koo la baba yao. Sasa alikuwa anastaafu, wenzake wamemwandalia hafla ya kumuaga, na video ndiyo ilikuwa zawadi ya familia.

Tatizo ni kwamba mama huyu, ingawa hakuwahi kumkataa Mkasi, hakuwahi kumwelewa pia. Miaka sita binti yake ameolewa, yeye hajakanyaga dukani kwa mkwewe hata mara moja. Kuna siku alimuuliza binti yake, Mkasi yuko chumba cha pili anasikia: "Hivi kweli hiyo ni kazi, mwanangu? Mtu mzima kukaa gizani akitazama wenzake wanavyoishi?" Mkasi alitusimulia hayo mara moja tu, huku anacheka. Lakini kahawa yake siku hiyo ilipoa kikombeni.

Akaiweka laptopu juu ya benchi, tukabanana kutazama. Mama mmoja akatokea akisema, "Alinishika mkono mpaka nikajifungua." Pa! Akapotea. Likaja lango la zahanati, watu wanapita. Pa! Akaja mlinzi: "Huyu mama hata siku ya mvua kubwa alifika, viatu mkononi." Pa! Korido tupu. Pa! Baba mmoja mwenye kofia: "Mimi nilikuwa natetemeka kuliko mke wangu." Pa!

— Mmeona? — Mkasi akasema. — Kila mtu anaingia na sauti yake, anatoka na sauti yake. Kama mlango unafunguliwa, mtu anasema, mlango unabamizwa.

— Dawa yake muziki, — Spika akasema. — Muziki mzito, mwanzo mpaka mwisho. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Basi wewe ivumishe mpaka ipasuke, uone kama kuna atakayezisikia hizo pa-pa zako.

— Wahenga walikuwa wanaonya, Spika, — Bi Sindano akamwambia.

— Wahenga hawakuwa na spika za inchi kumi na tano.

— Na hao wanaozungumza watasikika vipi?

— Si midomo itaonekana ikicheza?

Wakili alikohoa. Wakili akikohoa hivyo, weka kikombe chini, utamwagikiwa.

— Tatizo hili ni la kimaumbile. Macho yako wapi? Mbele. Masikio yako wapi? Pembeni. Sasa picha ikitoka pale inaingia moja kwa moja. Sauti lazima izunguke kona. Kwa hiyo zikiondoka pamoja, picha inafika kwanza, ubongo unashtuka: huyu nani, na mbona anachezesha mdomo? Ndiyo hiyo pa.

— Kwa hiyo mwenye masikio makubwa... — Spika akadakia.

— Anachelewa zaidi. Mtazame punda. Mwambie twende, atasimama pale dakika nzima. Watu husema ni mkaidi. Si ukaidi, bwana, neno bado liko njiani.

— Elimu hii umeipata wapi? — nikamuuliza.

— Mwenye macho haambiwi tazama. Ndiyo maana mimi nazungumzia masikio.

Spika alikuwa ameshawaka.

— Basi kesho watu tuwakalishe upande! Kila mtu sikio lake lielekee kwenye video. Sauti inyooke.

— Hapo ndipo umeanza kusoma, — Wakili akamsifu.

— Na shingo zao?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bi Sindano, — Wakili akajibu. — Kwa hiyo usiuzibe. Ukuta ni mali.

Hata Mkasi alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali. Alisema alijaribu tangu asubuhi kuzifanya picha zififie, moja iyeyuke ndani ya nyingine, na mkewe alipoziona alimwambia sasa imekuwa chura mwenye usingizi. Akasugua uso kwa viganja vyote viwili.

— Nikiharibu hii, — alisema, — atakuwa amepata jibu la lile swali lake.

Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mteja, kisigino kimelika upande mmoja. Katika kazi yangu viatu hunionyesha watu wanavyotembea, hata kama sijawahi kuwaona wenyewe. Nikamuuliza:

— Mkasi, anayeruka na anayetembea wana tofauti gani?

— Mwendo.

— Siyo. Anayeruka, kuna wakati hana mguu hata mmoja chini. Anayetembea, wa nyuma haujaondoka, wa mbele umeshagusa. Hiyo video yako inainua miguu yote miwili kwa pamoja. Picha juu, sauti juu.

Akanitazama bila kupepesa.

— Kwa hiyo unasema...

— Sisemi kitu, mimi ni fundi viatu. Nauliza tu: ni lazima sauti na picha ya mtu viondoke wakati mmoja?

Wakili aliruka kutoka kwenye benchi, na benchi likayumba.

— Mahakamani!

— Tumeanza, — Bi Sindano akasema.

— Hapana, sikilizeni. Siku ya baiskeli niliwekwa nje ya mlango nisubiri. Nikamsikia hakimu anauliza maswali, anakohoa, anagonga meza. Simwoni. Nilipoitwa, nikaingia, sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa namjua tayari! Lakini angenitokea ghafla, uso na kelele kwa mpigo mmoja, ningekiri baiskeli nimeiba mimi.

— Na kinyume chake pia, — Bi Sindano akasema polepole. — Mgeni akiondoka kwangu, maneno yake huwa bado yanaendelea huko mlangoni, mimi niko na vikombe vichafu. Simwoni, namsikia. Na mara nyingi ni hapo ndipo naelewa alichokuja kusema.

Mkasi alikuwa ameshapiga magoti mbele ya laptopu. Akatuonyesha: chini ya kioo kulikuwa na mistari miwili, wa juu wa picha, wa chini wa sauti, na yote miwili imekatwa mahali pamoja kama iliyopigwa shoka. Akaishika sauti ya yule baba mwenye kofia, akaivuta kidogo kushoto, ikaingia chini ya picha ya korido. Akabonyeza.

Korido tupu, mwanga dirishani. Kisha sauti ya mwanamume: "Mimi nilikuwa natetemeka..." Tukawa tunaitazama korido tunajiuliza nani huyo. Ndipo sura ikaja: "...kuliko mke wangu." Hakuna pa. Tulikuwa tunamsubiri, akaja.

— Rudia, — Bi Sindano akasema.

Akarudia. Kisha akamchukua mlinzi, akafanya kinyume. Akaiacha sauti yake iendelee wakati picha yake imeshaondoka, na mahali pake akaweka picha ya mkunga mwenyewe anatembea koridoni, mgongo tu. "...hata siku ya mvua kubwa alifika, viatu mkononi." Nimeshona viatu miaka mingi, lakini nilipoitazama miguu ile ikienda huku namsikia mlinzi, nilisimamisha sindano hewani.

— Sasa vuta zaidi! — Spika akapiga kelele. — Vuta dakika nzima!

— Usithubutu, — Bi Sindano akasema. — Pindo likizidi nguo inavimba. Kidogo tu, ishike.

— Mimi nasema mtu wa mwisho aanze kusikika tangu mtu wa kwanza! Wote wapishane! Na kesho nifunge spika njiani, watu waanze kuisikia video wakiwa kwao wanavaa. Wakifika ukumbini wanaijua.

— Wazo lako lina mashiko, — Wakili akasema. — Hata ndoa zingedumu hivyo. Sauti ya mume ifike nyumbani saa moja kabla ya mwili wake, mke ajiandae.

— Ya kwako hutangulia, Wakili, — Bi Sindano akamjibu. — Ndiyo maana mkeo hujifanya amelala.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kikombe changu, akanijazia kingine. Mkasi hakusikia hata neno. Vidole vyake vilikuwa vinavuta sauti huku na huku, nusu sekunde hapa, sekunde moja pale, na kila mara anatikisa kichwa kwa kuridhika. Baada ya muda akasema amefika kipande cha mwisho.

Kipande hicho ni yule baba mwenye kofia aliyekipiga kwa simu, mkewe akiwa amemruhusu. Ndani yake hauonekani uso wa mzazi, ni mikono ya mkunga tu na kichanga juu ya kitambaa, kinalia. Mkasi akakivuta kile kilio mpaka kikaanzia kwenye ile picha ya mkunga anatembea koridoni. Ukawa unamwona anakwenda, anakwenda, halafu unasikia mtoto. Kisha ndipo unamwona mtoto, mdomo wazi, ngumi mbili hewani.

Spika akasema vumbi la mtaa huu limezidi siku hizi.

— Hii inataka chombo, — akaongeza, akaenda kibandani kwake, akarudi na spika moja kubwa kama kabati. Akaunganisha waya. Mtoto akalia mtaa mzima ukageuka.

Alilia mara ya pili, na alikuwa analia mara ya tatu tuliposikia nyuma yetu:

— Hodi hapa.

Tuligeuka. Mama mkunga alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, mkoba begani. Alikuja kuchukua gauni lake la kesho kwa Bi Sindano. Sote tulisimama kama watoto wa shule.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Nimemsikia huyo mtoto tangu kule kwenye kona. Nikasema huyu si wa mtaa huu, wa hapa sauti zao nazijua. Mbona halali?

Mkasi alikuwa anahangaika kuifunga laptopu.

— Mama... ilikuwa iwe siri mpaka kesho.

— Siri ina spika kubwa namna hiyo? Acha, usifunge. Nionyeshe.

Wakili alimpisha nafasi yake kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada. Mama akakaa, mkoba mapajani, miwani puani. Mkasi akaanzisha video tangu mwanzo, yeye mwenyewe akasimama nyuma ya bega lake. Video ilikuwa ya dakika kumi na moja. Nilikuwa namtazama Mkasi usoni, na nakwambia, nimeona watu wakisubiri majibu ya hospitali wametulia kuliko yeye.

Video ikaisha. Mama akavua miwani.

— Inakwenda kama maji, — alisema. — Yule baba umemtanguliza sauti. Ndivyo alivyokuwa, nilimsikia kabla sijamwona.

Mkasi akashusha pumzi. Spika akampiga bega.

— Hebu rudisha pale pa mtoto.

Akarudisha. Koridoni anatembea, kilio, mtoto.

— Tena.

Akarudisha tena. Mama akaegemea mbele.

— Huyu namkumbuka. Hakulia huyu.

— Analia, mama, — Spika akasema. — Niongeze sauti?

— Alilia baadaye. Alitoka kimya, na rangi mbaya. Nilimpangusa, kimya. Nikamsugua mgongo, kimya. Baba yake ameshika simu anatabasamu, hakujua chochote. — Akamgeukia mkwewe. — Hapo mmepapeleka wapi?

Mkasi alinyoosha kidole kwenye kioo.

— Pamo kwenye ile video ya simu, mama. Sekunde saba. Nilipakata. Niliona... niliona hakuna kitu kinachotokea.

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kama mtu anayemtafutia mwenzake maneno mepesi.

— Mwanangu, mtoto akishalia, mimi sina kazi tena pale. Analia mwenyewe. Mama yake anampokea, watu wanacheka. Miaka yote thelathini na nne, kazi yangu ilikuwa kabla ya hapo. Sasa katika video hii nzuri, mimi niko wapi?

Spika aliitazama spika yake. Bi Sindano aliinamia gauni akakata uzi ambao haukuwepo. Wakili alifungua mdomo, nikamwona kabisa anatafuta methali, akafunga. Mimi niligeuza kiatu upande wa pili. Muuza kahawa, masikini, alitaka kumkaribisha mgeni. Akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa matone mawili, basi.

Mama alichukua gauni lake, akashukuru, akaaga kila mmoja. Alipomfikia Mkasi alimfungua kifungo kimoja cha shati na kukifunga mahali pake.

— Kula kwanza, — alimwambia. — Mkeo anasema tangu jana hujatia kitu tumboni.

Mkasi aliingia ndani na laptopu yake, akafunga mlango. Siku hiyo tuliondoka kijiweni mapema.

Kesho yake ukumbi wa zahanati ulijaa mpaka madirishani. Spika alikuwa ameleta vyombo vyake, nami nilikaa naye huko nyuma, karibu na meza ya Mkasi. Video ilikwenda. Watu walicheka kwa mlinzi, wakaguna kwa yule baba. Kila aliyetoka aliacha sauti yake ikimsindikiza anayekuja, na hakuna aliyeshtuka.

Halafu ikaja korido. Mama anatembea, viatu vyake vinasikika sakafuni, ko, ko, ko. Picha ikabadilika, mikono na kitambaa na kichanga, lakini hatua za viatu bado zinasikika, mbili, tatu. Kisha zikakoma. Kimya.

Mikono inapangusa. Kimya. Kichanga hakitikisiki. Mkono unasugua mgongo mdogo, juu, chini, juu, chini. Mtu mmoja mbele alisema, "Ee Mungu wangu." Spika, ambaye vidole vyake vilikuwa juu ya kitufe cha sauti, alinishika mkono wangu akaubana. Ukumbi mzima, watu mia na kitu, hakuna aliyekuwa anapumua.

Mimi nilimtazama mama. Alikuwa kiti cha mbele, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kinasugua gauni jipya gotini, juu, chini, juu, chini, mwenyewe hajui.

Mtoto akalia.

Sijawahi kusikia watu wazima wakipiga makofi vile. Waliosimama walisimama, waliolia walilia, Wakili alikuwa anamkumbatia mlinzi ambaye hawajuani. Katikati ya kelele hizo mama aligeuka kwenye kiti chake, akawa anatazama nyuma, anatafuta mtu kwenye giza. Alipomwona Mkasi, aliuchukua mkoba wake uliokuwa kwenye kiti cha pembeni, akauweka chini, kiti kikabaki wazi.